Simu ni yetu, lakini ufunguo uko kwa nani?

MARABO. Mdogo wetu alitoka machimboni na gramu zake chache, akaziuza, na mbele hata ya kufika nyumbani akasimama kwenye butiki ya simu, kando ya barabara ya Bunia–Komanda. Akanunua androide mpya, bado iko ndani ya boksi. Hakujua kuianzisha. Kijana wa butiki akamsaidia: akaiwasha, akaweka SIM, akaingiza WhatsApp, Facebook na mchezo mmoja wa mpira, kisha akamrudishia. «Iko tayari, kaka.» Kazi yote haikupita dakika 10. Mdogo wetu akalipa, akashukuru, akaenda.

Kisha miezi saba simu ikaanza kukwama. Rafiki mmoja akamwambia dawa ni kuifuta yote ianze upya, kama vile ilitoka kiwandani. Wakafinya vitufe vya pembeni, simu ikajifuta. Ilipowaka, ikaandika kwenye kioo: ingiza konte ya Google iliyokuwa ndani ya simu hii. Konte gani? Mdogo wetu hakuwahi kufungua konte hata siku moja. Konte ilikuwa ya kijana wa butiki, na kijana alikuwa amekwisha kuhama. Watu wanasema yuko upande wa Butembo.

Simu ikabaki kipande cha kioo. Namba za watu wenye deni lake la dhahabu zilikuwa zinahifadhiwa katika konte ile. Picha za mwisho za marehemu baba yetu, vilevile. Mpaka leo ziko fasi fulani, kwa konte ya mtu tusiyejua namba yake.

Mwanzo tulimkasirikia yule kijana. Baadaye tulielewa kwamba hakuiba kitu. Alifanya kazi kama mafundi wengi wa huku wanavyofanya: kila simu inayopita mikononi mwake anaiwekea konte moja, ile yake, juu ya kuokoa wakati na mega. Shida iko mbali zaidi. Watengeneza simu wakubwa wa dunia wanagombana miaka mingi sasa, na sisi tunaonunua simu Marabo hatuambiwi wanagombania nini. Tunafikiri wanagombania kamera na betri. Wanagombania pia mlango.

Mlango ni duka la programu

Kila simu ya kugusa iko na alama moja ndogo ambayo kupitia kwake programu zote zinaingia. Kwa simu nyingi za huku inaitwa Play Store, ni ya Google. Kwa iPhone inaitwa App Store, ni ya Apple. Hilo ndilo duka la programu. Ukitaka WhatsApp, unapita pale. Ukitaka programu ya benki, Biblia ao muziki, unapita pale. Na mwenye duka anataka kwanza akujue: ndiyo maana anakuomba konte.

Apple ilifungua duka lake Julai 2008, likiwa na programu 500 hivi. Google ilifuata Oktoba mwaka uleule. Duka lake liliitwa Android Market, na jina la Google Play lilikuja 2012. Watengeneza simu wengine waliona mali iko wapi, nao wakafungua ya kwao. BlackBerry na Nokia walifungua maduka yao 2009. Microsoft naye akaja na simu za Windows na duka lake.

Wakubwa kati yetu wanaikumbuka vizuri Nokia, ile ya tochi, namba 1100, iliyotoka 2003. Dunia nzima ilinunua zaidi ya milioni 200 za simu ile. Wakati ule hakuna aliyeamini kwamba Nokia inaweza kuanguka. Lakini mwaka 2014 ikamaliza kuuzia Microsoft kazi yake ya simu, na Microsoft naye akashindwa. BlackBerry, iliyokuwa simu ya wakubwa Kinshasa na Bunia, ilizimisha huduma za simu zake za zamani tarehe 4 Januari 2022.

Ni nini kiliwaangusha? Simu zao hazikuwa mbaya. Nyingine zilikuwa ngumu kupita hizi za leo. Lakini wanaotengeneza programu hawakutaka tena kufanya kazi ileile mara nne kwa maduka manne. Walienda kwenye maduka mawili yenye watu wengi, na watu wakafuata programu. Ni kama soko la kijiji: siku wanunuzi wa dhahabu wanahamia soko lingine, hata ukiwa na gramu nzuri, utabaki nayo mfukoni mpaka uwafuate.

Mwenye kare na sehemu yake

Mchimbaji yeyote anaelewa biashara hii haraka kuliko watu wa ofisini. Kwenye machimbo, shimo linachimbwa na timu, lakini ardhi iko na mwenyewe, na kila kinachotoka, mwenye kare anakata sehemu yake. Duka la programu ni kare. Anayetengeneza programu ndiye anachimba. Akiuza programu, ao akiuza kitu ndani ya programu, kwa miaka mingi mwenye duka alikata 30 juu ya 100. Tangu 2021 Apple na Google walishusha mpaka 15 kwa watengenezaji wadogo.

Google inawapa watengeneza simu Android bila malipo. Inaonekana ni zawadi. Lakini anayetaka kuweka Play Store ndani ya simu alipewa masharti: aweke pia programu ya Google ya kutafutia na ile ya kufungulia intaneti. Juu ya masharti yale, Julai 2018 Tume ya Ulaya iliitoza Google faini ya euro bilioni 4.34. Mwezi wa 8 mwaka 2020, kampuni ya michezo Epic iliweka njia yake ya kulipa ndani ya mchezo wa Fortnite, ili isikatwe tena ile 30. Siku ileile Apple na Google wakautosha mchezo kwenye maduka yao. Kesi ikaenda mahakamani Marekani, na Desemba 2023 baraza la mahakama lilisema Google imeshikilia soko peke yake kinyume cha sheria. Huko Ulaya, tangu Machi 2024, sheria inalazimisha Apple kukubali maduka ya wengine ndani ya iPhone.

Mtu wa Marabo atauliza: hiyo inatuhusu nini, sisi hatununui programu? Ni kweli, huku wachache sana wako na karta ya benki ya kulipia programu. Lakini tunalipa kwa njia nyingine. Programu ya bure inajilipa kwa matangazo, na kila tangazo linashuka na mega zako. Unaweka forfe asubuhi ya kuongea na familia, mchana imekwisha, na wewe hukuongea na mtu. Nusu imekula matangazo na programu zinazojisasisha zenyewe, ile watu wanaita «mise à jour».

Simu moja, milango miwili

Ukiingia kwenye butiki za Bunia ao za njiani, utaona majina mengi: Tecno, Itel, Infinix, Samsung, Xiaomi, Huawei. Tatu za kwanza zinagombana kwenye mabango kama wake wenza, kumbe baba ni mmoja. Zote ni za kampuni Transsion ya Shenzhen, China. Transsion haikushinda Afrika kwa bahati. Ilileta simu za SIM mbili, betri inayodumu siku bila umeme, kamera inayoonyesha vizuri ngozi nyeusi, na bei mtu anaweza kuifikia. Leo karibu nusu ya simu za kugusa zinazouzwa Afrika ni zake.

Ndani ya simu zake kuna Play Store ya Google, na kando yake kuna mlango mwingine, Palm Store, ambao ni wa Transsion mwenyewe. Samsung naye ana Galaxy Store, Xiaomi ana GetApps. Ndiyo maana simu mpya inakuonyesha programu ambazo hukuomba, na kila moja inakuvuta upande wake. Mtengeneza simu anapata faida kidogo kwa simu ya bei ya chini. Anatafuta faida nyingine nyuma yake, kupitia duka lake na matangazo yake.

Mlango wa pili si ubaya. Ubaya ni mlango usiolindwa. Mwezi wa 8 mwaka 2020 watafiti wa usalama walitangaza kwamba simu fulani za Tecno W2, zilizouzwa Ethiopia, Cameroun, Misri, Ghana na Afrika Kusini, zilitoka kwenye boksi tayari na programu mbaya ndani, zenye majina Triada na xHelper. Zilikuwa zinaandikisha mwenye simu kwenye huduma za kulipa bila yeye kujua, na inite zake zinaliwa. Hata ukifuta simu yote, programu inarudi. Transsion ilisema kosa lilifanywa na muuzaji mmoja katika njia ya utengenezaji, na kwamba ilitoa dawa. Walioguswa zaidi walikuwa wenye simu ya bei ya chini. Yule anayenunua simu kwa jasho la wiki moja shimoni ndiye hana mtu wa kumuuliza inite zake zimeenda wapi.

Huawei bila Google

Kuna jambo lingine linalochanganya watu wengi. Mei 2019 serikali ya Marekani iliweka Huawei kwenye orodha ya kampuni ambazo Wamarekani hawaruhusiwi kuuzia vitu bila kibali. Google ni ya Marekani. Basi simu mpya za Huawei zilizotoka kisha hapo, kuanzia Mate 30 ya Septemba 2019, hazina Play Store. Huawei ikakuza duka lake, AppGallery. Simu zake zilizotoka mbele ya hapo zilibaki na Google.

Kwa macho, simu hizo mbili zinafanana. Mtu anakuletea Huawei nzuri, kamera kali, bei imeshuka, unasema Mungu amekuona. Ukifika nyumbani unatafuta Play Store, haiko. Si simu mbovu, na si lazima iwe ya wizi. Ni simu iliyobaki upande mmoja wa vita. Ukiweza kuishi na duka lake, unafanya biashara nzuri. Ukitaka programu za Google, umeweka falanga zako fasi si yake. Mbele ya kulipa, omba uiwashe, utafute Play Store kwa macho yako.

Wenye simu ndogo za vitufe nao hawakupona. Mwaka 2019 Orange ilitoa katika nchi zake za Afrika simu ndogo ya bei rahisi inayoitwa Sanza, inayotumia KaiOS. KaiOS iko na duka lake, na ndani yake kulikuwa WhatsApp. Mama wengi walifurahi: vitufe, betri ya siku nyingi, na WhatsApp juu. Lakini kuanzia Juni 2024 WhatsApp haikupatikana tena kwenye duka lile, na mwanzo wa 2025 ilizima hata kwa wale waliokuwa nayo. Simu ilikuwa nzima, betri nzima, kioo kizima. Ni duka lililopoteza mteja wake mkubwa.

Ndugu zetu walijaribu

Je, sisi Waafrika hatukujaribu kuwa na mlango wetu? Tulijaribu, na karibu kabisa. Ng'ambo ya mto, Brazzaville, kijana Vérone Mankou alianzisha kampuni VMK. Mwisho wa 2012 akatoa simu ya kugusa inayoitwa Elikia, maana yake kwa Lingala ni tumaini. Ilichorwa Brazzaville, ikatengenezwa China, ikauzwa karibu dola 170. Na Mankou alikuwa ameelewa mapema: hakutoa simu peke yake, alitoa pia duka lake, VMK Market, kwa programu za watengenezaji wa Afrika.

Oktoba 2019 Kigali nayo ikafungua kiwanda cha simu za Mara. Mara X iliuzwa karibu dola 130, na mlango wake ulikuwa ule wa Google.

Tulifurahi kwa wote wawili. Lakini kwenye butiki za huku hatukuona Elikia wala Mara zikisimama kando ya Tecno na Itel. Mtu mwenye dola 50 mkononi hanunui simu ya dola 130 juu ya kupenda Afrika. Na mtengeneza programu haweki kazi yake kwenye duka ambalo watu wake ni wachache. Kilichomuua Nokia mwenye milioni za watu, kitamhurumia nani?

Inauma zaidi ukikumbuka kilicho ndani ya simu zenyewe. Dhahabu iko kwenye viungo vyake. Tantali inayotoka kwa coltan iko kwenye vipande vidogo vinavyotunza umeme. Desemba 2024 wanasheria wa serikali yetu walishtaki matawi ya Apple Ufaransa na Ubelgiji juu ya madini ya damu. Apple ilikana, ikasema iliwaambia wanaoiuzia vitu waache madini kutoka Congo na Rwanda. Kesi ni ya wanasheria. Sisi tunaona hili tu: kile tunachochimba kinaondoka na kurudi kama simu, na inaporudi, tunaiacha ifungwe na ufunguo wa mtu mwingine. Kwa madini, nguvu yetu bado ni ndogo. Kwa ufunguo, tunaweza kuanza leo.

Kile tunachofanya sasa nyumbani kwetu

Tangu mambo ya mdogo wetu, tumeweka sheria. Simu mpya haiachwi kwa fundi peke yake. Mwenye simu anakaa kando, na konte inafunguliwa kwa jina lake na namba yake. Si lazima ujue Kifaransa sana. Fundi anafinya, lakini neno la siri unalichagua wewe. Unaliandika kwenye karatasi, karatasi inabaki nyumbani, haiendi shimoni na simu.

Kama simu imekwisha kuwekewa konte ya mwingine, usingoje ikwame. Ingia kwenye «paramètres», tafuta «comptes», angalia jina lililo pale. Kama si lako, kwanza hamisha namba na picha zako, kisha tosha konte ile, weka yako. Na siku unataka kufuta simu yote, ao kuiuza, tosha konte kwanza. Ukifuta kwa vitufe vya pembeni, simu itafikiri umeiiba. Ulinzi ule Google iliuweka tangu 2015 ili mwizi asifaidike. Huku unawapiga pia wenye mali.

Programu za kupeana kwa Xender ao Bluetooth zinaokoa mega, tunajua, nasi tunapeana nyimbo na video. Lakini programu inayogusa falanga usiipokee kwa mkono wa mtu. Ipakue mwenyewe kwenye duka. Na mbele ya kununua simu ya mkono wa pili, uliza ni Android namba ngapi: zile za Android 4, WhatsApp haizikubali tena. Ndani ya Play Store unaweza pia kuamuru programu zisijisasishe isipokuwa kwa wifi. Forfe itadumu.

Kuna habari moja nzuri, na wengi hawaijui. Pesa ya M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money haikai ndani ya simu wala ndani ya konte ya Google. Inafuata namba yako, na unaifikia kwa nyota na diezi hata kwenye simu ya tochi. Mdogo wetu alipopoteza androide yake, falanga zake zilikuwa nzima. Alitia SIM kwenye simu ya zamani ya mama, akaona kila kitu kiko.

Madeni ndiyo yalimshinda. Hakuwa ameandika majina wala gramu fasi nyingine. Wawili walikuja wenyewe kumlipa, Mungu awabariki. Wa tatu anasema hakumbuki kitu. Sasa mdogo wetu ana simu nyingine, Itel ndogo, konte ni yake, na neno la siri liko ndani ya daftari la shule la binti yake, kwenye ukurasa wa mwisho. Madeni ameyaandika kwenye ukurasa unaofuatana nao, kwa kalamu.